Kwa nini risasi za mchana zinahama kulia?

Swali la msomaji: "Jambo afande. Nina bunduki ya .308 yenye leseni, napiga shabaha na wenzangu kwenye renji iliyo kando ya Ziwa Victoria, upande wa Entebbe. Tunatazama magharibi, ziwa liko kushoto kwetu. Asubuhi, mita 300, matundu yanakaa katikati. Saa nane mchana, bunduki ileile na risasi zilezile, yanahama kulia shubiri nzima na chini kidogo. Nikazungusha darubini tiki tano kushoto, mchana ule ikatulia; kesho yake asubuhi nikakuta napiga kushoto. Mita 600 mchana sipati hata karatasi. Mwenzetu mmoja anasema darubini imelegea. Mwingine anasema ninunue risasi zenye kasi zaidi ili upepo usizipate. Programu ya simu ya kukokotoa njia ya risasi nayo ina namba zake ambazo hazikubaliani na matundu. Na yuko anayedai kwamba kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, risasi lazima ipinde. Nimwamini nani?"

Jambo kijana. Kwa leo usimwamini hata mmoja, na mkono wako uutoe kwenye kitufe cha darubini.

Tuanze na hiyo darubini, maana ndiyo rahisi. Darubini iliyolegea haina ratiba. Leo inatupa juu, kesho kushoto, keshokutwa inapiga katikati ili kukuchezea akili. Yako inahama upande uleule, saa ileile, kwa kiasi kilekile, kama karani anayeripoti kazini. Kitu chenye ratiba kwenye renji ya kando ya ziwa ni kimoja tu.

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi inapanda, na hewa ya ziwani iliyo baridi inaingia kujaza nafasi. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, na upepo mwembamba unatoka nchi kavu kwenda majini mpaka asubuhi. Wavuvi wa mwaloni waliotumia tanga walilijua hili kabla mimi na wewe hatujashika bunduki: wanatoka na upepo wa usiku, wanarudishwa na upepo wa mchana. Sasa ninyi mnatazama magharibi na ziwa liko kushoto. Asubuhi pumzi ya nchi kavu inatoka kulia kwenu, ndogo kiasi kwamba hamuisikii hata mashavuni. Mchana ziwa linapuliza kutoka kushoto. Upepo umegeuka nyuzi 180, na wewe umekaa katikati unaituhumu skurubu.

Ila kuna kosa moja ambalo ni lako. Uliziro bunduki, yaani uliipanga darubini ili matundu yakae katikati, kwa mita 300, asubuhi, na ukaamini kwamba hakuna upepo. Tuseme ulikuwepo wa mita 1 kwa sekunde kutoka kulia. Kwa .308 ya kawaida, yenye kichwa cha greni 175 (gramu 11 hivi) kinachotoka mtutuni kwa takriban mita 790 kwa sekunde, huo unahamisha risasi kama sentimita 3.5 kwenda kushoto. Wewe ukarekebisha darubini ili matundu yaje katikati. Yaani umeiandika pumzi ya asubuhi ndani ya darubini, na kila risasi utakayopiga tangu hapo inabeba sentimita zile kwenda kulia. Kisha ukaja upepo wa mchana, tuseme mita 4.5 kwa sekunde, ambao kwa mwinuko wetu unasukuma karibu sentimita 16 kulia. Jumlisha. Hiyo ndiyo shubiri yako. Tiki tano ulizorudisha ni sentimita 15 kwa umbali huo, kwa hiyo mchana ukafurahi, na asubuhi iliyofuata upepo ukiwa haupo tena zikakutupa kushoto. Ungeendelea hivyo ungemaliza sanduku la risasi ukikimbizana na jua.

Dawa yake ni kuziro kwa mita 100, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vibendera vikiwa vimelala kwenye miti yake kama nguo mbichi. Kwa mita 100 upepo wa mita 1 kwa sekunde unahamisha risasi milimita 4 tu, kwa hiyo hata ukikudanganya hauwezi kukudanganya sana. Piga makundi matatu ya risasi tano, rekebisha, kaza, andika tarehe. Baada ya hapo darubini haiguswi kwa sababu ya upepo. Upepo una hesabu yake ya pembeni, na hesabu hiyo inafanywa upya kila risasi.

Sasa tuje kwa huyu wa risasi za kasi. Amegusa ukweli kwa mkono wa kushoto.

Watu wengi wanafikiri upepo unaigonga risasi ubavuni na kuisukuma kama unavyosukuma mlango. Ingekuwa hivyo, au kama risasi ingebebwa na upepo kama jani, mambo yangekuwa mabaya kuliko yalivyo. Risasi yako inatumia karibu sekunde 0.92 kufika mita 600 kwenye hewa yetu. Jani lingebebwa na upepo wa mita 4.5 kwa sekunde kwa muda huo lingekwenda zaidi ya mita 4 pembeni. Risasi inakwenda sentimita 70 hivi. Kwa nini?

Kwa sababu risasi inayozunguka vizuri hugeuza pua yake kuelekea kule hewa inakotoka. Hewa inaijia karibu yote kutoka mbele, kwa kuwa inakimbia mamia ya mita kwa sekunde, pamoja na kidogo kutoka ubavuni. Basi pua inalala kidogo sana upande wa upepo, kama mtumbwi unaovuka Nile pale Jinja ukielekeza pua yake juu ya mkondo. Ule mvuto wa hewa unaoirudisha risasi nyuma sasa hauvuti nyuma moja kwa moja; unavuta nyuma na pembeni kidogo. Kwa hiyo kinachoihamisha risasi ni breki ya hewa iliyokaa upande. Risasi isiyopungua kasi hata kidogo isingehama hata kidogo. Na roketi, ambayo mota yake inaisukuma mbele badala ya kuachia hewa iipige breki, huelekea upande ule upepo unakotoka. Wanafunzi wangu hawakuliamini hilo hata siku moja, nami sikuwa na roketi ya kuwaonyesha.

Hesabu yake ni fupi, na inahusishwa na Mfaransa mmoja wa mizinga aliyeitwa Didion, karne ya 19. Chukua muda halisi wa safari ya risasi. Toa muda ambao ingetumia kama isingepoteza kasi, yaani umbali ugawanywe kwa kasi ya mtutuni. Tofauti hiyo izidishe kwa kasi ya upepo wa ubavuni. Kwako wewe, mita 600 kugawanya kwa 790 ni sekunde 0.76. Inatumia 0.92. Imechelewa sekunde 0.16. Zidisha kwa 4.5 upate mita 0.72. Ukishaielewa hesabu hii moja, mabishano mengi ya kijiweni yanaisha.

Kwanza, utaona kwamba muda wa safari si neno la mwisho. Kinachohesabiwa ni kuchelewa. Ndiyo maana umbali ukizidishwa mara mbili, upepo hauzidishi mara mbili. Mita 300 ni sentimita 16, mita 600 ni 70, mita 900 ni karibu mita 1.8. Kila risasi inavyozidi kuchoka ndivyo inavyozidi kuchelewa.

Pili, kasi peke yake inaweza hata kukuumiza. Ushahidi mzuri uko kwenye .22, ile bunduki ndogo ambayo nadhani mnayo hapo kwa mazoezi. Risasi yake ya kawaida inatoka kwa mita 325 hivi kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti, ambayo kwa joto letu ni karibu mita 345. Ile ya kasi inatoka kwa mita 380. Kwa mita 100, kwenye upepo uleule wa mita 4.5, ya kawaida inahama kama sentimita 11, na ya kasi inahama 15 au zaidi. Ya kasi ndiyo inayohama zaidi! Inafika mapema, lakini inapopita kwenye eneo la kasi ya sauti hewa inaipiga breki kali, inachelewa zaidi kulingana na mwanzo wake, na upepo unalipwa kwa kuchelewa. Ndiyo maana wapigaji wa mita 50 kwenye mashindano makubwa, ambao duara lao la kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, hutumia risasi za polepole.

Kwa .308 yako, kuongeza baruti kidogo kutakupa sentimita chache na mateke begani. Kinachosaidia kweli ni umbo: kichwa kirefu, chembamba, chenye mkia uliochongwa, kinachopasua hewa bila kuchelewa. Bunduki za milimita 6.5 zinazopendwa siku hizi hupunguza athari ya upepo kwa karibu robo ukilinganisha na yako kwa umbali mrefu. Lakini hiyo ni bunduki nyingine, na karatasi nyingine za polisi, na bei ya risasi ambayo sitaki kuitaja mbele ya mkeo. Hela hiyo nunua risasi za aina uliyonayo sasa, nyingi, za toleo moja.

Kabla ya kusoma nguvu ya upepo, soma unakotoka. Mafundisho yote ya shabaha hutumia uso wa saa: mpigaji yuko katikati, shabaha iko juu kwenye tarakimu 12. Hapa nikuambie kisa. Miaka ya mwanzo ya kufundisha nilisimama nyuma ya mstari nikapaza sauti: "Upepo saa tatu!" Nusu ya vijana wakarekebisha upande mmoja, nusu upande mwingine. Nikafoka. Mmoja, kijana mtaratibu sana, akaniuliza, "Afande, saa tatu ya mshale au saa tatu ya tarakimu?" Nikanyamaza. Kwa Kiswahili, na kwa Kiganda vilevile, saa tatu asubuhi mshale uko kwenye tarakimu 9, yaani kushoto kabisa. Aliyefundishwa kwa kitabu cha Kiingereza anaisikia kama tarakimu 3, kulia kabisa. Wote walikuwa sahihi, na nusu walikuwa wamekosa shabaha. Tangu siku ile nasema "tarakimu tatu", na ninakushauri mkubaliane hivyo kwenye renji yenu kabla ya mtu kupigana.

Upepo wa tarakimu 3 au 9 unauhesabu wote. Wa tarakimu 1, 5, 7 au 11 unahesabu nusu. Wa 2, 4, 8 au 10 watu wengi hukosea kuuita nusu. Kwa kweli ni karibu asilimia 87, kwa hiyo uhesabu karibu wote. Wa 12 au 6 hauhamishi risasi pembeni, na juu na chini unabadilisha sentimita chache tu kwa mita 600.

Ukisikia hivyo utafikiri upepo wa usoni ni rafiki. Mimi naogopa huo kuliko wote. Upepo wa ubavuni ukitoka mita 4 kwenda 5 kwa sekunde, mabadiliko yake kwako ni sentimita 16 hivi kwa mita 600. Upepo wa usoni wa mita 4.5 ukiyumba kutoka tarakimu 11 kwenda tarakimu 1, jambo ambalo utaliona kama kibendera kutikisika tu, unatoka sentimita 35 kulia hadi sentimita 35 kushoto. Sentimita 70, na wewe shavuni umesikia upepo uleule. Siku ziwa linapopuliza kwa kukuzunguka namna hiyo, weka bunduki chini unywe chai.

Hiyo "chini kidogo" uliyoiandika ilinifurahisha, kwa sababu inaonyesha unaangalia. Si bahati mbaya. Mtutu wako una mifuo inayoizungusha risasi kulia, kama mitutu mingi. Risasi inapotoka na kukutana na upepo wa ubavuni, pua yake inatikisika mara moja kabla ya kutulia, na mtikisiko huo unaipa msukumo mdogo wa kwenda juu au chini. Upepo wa kushoto unashusha, wa kulia unapandisha. Ndiyo maana matundu ya mchana wenye upepo unaogeuka hulala kwenye mstari ulioinama, kutoka tarakimu 10 kwenda tarakimu 4. Kwa upepo wako wa mchana ni kama sentimita 3 kwa mita 300. Iache, ila usiende kuituhumu pumzi yako.

Kasi ya upepo sasa. Kipimo cha mkononi ni kizuri lakini kinapima pale ulipo peke yake, na risasi inasafiri mita 600 nyingine. Kitumie kufundishia macho: pima, tazama nyasi, pima tena, tazama mti, mpaka macho yako yawe kipimo. Upepo ukiusikia usoni na majani yakichakarisha, uko kati ya mita 1.6 na 3.3 kwa sekunde. Majani na vijiti vyembamba visipotulia, 3.4 mpaka 5.4. Vumbi la muramu likiinuka na karatasi zikiruka, 5.5 mpaka karibu 8. Kibendera chepesi kina hesabu ya harakaharaka: angalia pembe kati ya kitambaa na mti wake, gawanya kwa 9, unapata mita kwa sekunde. Kikiwa nyuzi 45 ni mita 5. Inategemea kitambaa, kwa hiyo kijaribu chenu kwanza kwa kipimo.

Migomba inadanganya. Jani zima la mgomba ni zito, na lililochanika vipandevipande linacheza kwa pumzi ndogo, kwa hiyo shamba moja linakupa majibu mawili. Mafunjo ya kinamasini ni waaminifu zaidi, vichwa vyao vinainama pamoja. Moshi wa jikoni ni mzuri ukiwa karibu na njia ya risasi, na hauna faida ukiwa nyuma ya jengo. Wale ndege kaloli wanaopanda wakizunguka bila kupiga mbawa wanakuambia hewa ya moto imeanza kuinuka, yaani dakika za utulivu wa asubuhi zimekwisha.

Lakini mwalimu mkubwa ni mazigazi. Ile hewa inayochemka juu ya ardhi, ambayo wengi wanailalamikia kwamba inatetemesha shabaha, ndiyo inayokuonyesha upepo wa njiani. Tumia darubini ya kuangalizia iliyo kwenye miguu mitatu. Ilenge shabahani, kisha rudisha fokasi nyuma mpaka uone vizuri hewa ya katikati ya njia. Mazigazi yakipanda wima kama mvuke wa sufuria, hakuna upepo wa ubavuni, au upo wa usoni ambao utageuka wakati wowote; usipige kwa haraka. Yakilala nyuzi 45, upepo ni mita 2 au 3. Yakikimbia mlalo kama maji ya mfereji, yamefika mita 4 au 5. Zaidi ya hapo yote yanaonekana sawa, rudi kwenye miti na vibendera.

Na kama vibendera vitatu vinakupa habari tatu, sikiliza zaidi cha karibu nawe. Upepo unaoigusa risasi mapema unaipa mwelekeo, na mwelekeo huo unaendelea kuzaa sentimita mpaka mwisho wa safari. Unaoigusa mita 50 za mwisho hauna muda wa kufanya kitu. Kuna pingamizi moja: risasi haisafiri sambamba na nyasi. Kwa mita 600 inapanda kama mita 1 juu ya mstari wako wa kulenga, kwa mita 900 karibu mita 3, na huko juu upepo una nguvu kuliko chini. Renji yenu ikipita juu ya bonde, bonde hilo lina kauli yake.

Programu ya simu haijakudanganya. Umeilisha chakula kibaya. Angalia mambo matatu. Je, upepo umeuingiza kwa mita kwa sekunde au kwa maili kwa saa? Kumi ya huku ni zaidi ya mara mbili ya kumi ya kule. Je, umbali ni mita au yadi? La tatu ndilo linalowakamata wengi hapa kwetu: mgandamizo wa hewa. Taarifa ya hali ya hewa inakupa namba kama 1015, kwa sababu imerekebishwa ionekane kana kwamba uko usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa unayopigia ina mgandamizo wa karibu 885. Ukiingiza 1015 programu inaamini unapiga Mombasa. Itakupa sentimita 85 kwa mita 600 pale ambapo sisi tunapata 70, na itakupandisha juu pia. Hewa ya Kabale, karibu mita 2,000, ni nyepesi zaidi. Ingiza mgandamizo wa mahali, au ingiza mwinuko na uiache ihesabu yenyewe, lakini usifanye yote mawili.

Uwanjani hutakuwa na muda wa simu. Kwa risasi yako na hewa yetu kuna njia ya mkato inayokaa kichwani. Darubini yako, kwa tiki ulizozitaja, ni ya mili: tiki moja ni sehemu ya kumi ya mili, na mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100. Basi kila mita 2.5 kwa sekunde za upepo kamili wa ubavuni, chukua umbali na usome tarakimu ya kwanza: mita 300 ni mili 0.3, mita 600 ni mili 0.6, mita 900 ni 0.9 na tiki mbili juu. Upepo ukiwa mita 5, zidisha mara mbili. Ukiwa wa nusu, gawa. Usizungushe kitufe; sogeza alama ya ndani ya darubini upande upepo unakotoka na upige. Kitufe unakisahau, alama unaiona.

Na usifuate tundu la mwisho. Huu ndio ugonjwa nilioushuhudia ukiwatesa wapigaji wazuri kuliko wabaya. Risasi imekwenda kulia, anasogea kushoto. Kumbe upepo umeshalala, ya pili inakwenda kushoto, anasogea kulia, na kumbe umerudi. Chagua hali moja ya upepo inayojirudia, tuseme kibendera cha karibu kikiwa nyuzi 40, hesabu mara moja, halafu subiri. Kibendera kikiwa hapo, piga. Kikiwa pengine, pumua. Kwenye daftari andika ulichokiona kabla ya risasi na tundu lilipokwenda. Alasiri wingu jeusi likiinuka ziwani na upepo ukageuka ghafla na kuwa baridi, usiandike chochote. Kusanya vitu muondoke, radi ya Victoria haina mazoea na mtu.

Mita 600 nakuomba uiache kwanza. Karatasi yako ikiwa na upana wa mita 1.2, ina sentimita 60 tu upande wa kulia; upepo wa mchana sentimita 70 na ile ziro ya asubuhi sentimita 7 vimekupeleka nje kabisa. Hesabu imekubali, lakini mtu asiyejua risasi yake ilipotua hana ruhusa ya kupiga nyingine, hata kama kuna tuta la udongo nyuma. Rudi huko siku ambayo makundi yako ya mita 300 mchana yanakaa. Na ukirudi, funga kipimamaji kidogo kwenye darubini. Bunduki ikiinama nyuzi 5, ambazo kwenye kilima huzioni, risasi inahama sentimita 30 hivi kwa mita 600, na siku zote lawama inapewa upepo.

Limebaki la Ikweta. Mwenzenu amesikia nusu ya somo. Mzunguko wa dunia huipindisha risasi kulia kwa nchi za kaskazini na kushoto kwa nchi za kusini, na kiasi hicho hupungua kadiri unavyokaribia Ikweta mpaka kinakuwa sifuri. Sisi ndio wapigaji wenye bahati zaidi duniani kwa jambo hilo. Kinachobaki hapa, tena kwa ukubwa wake wote, ni cha juu na chini: anayepiga kuelekea mashariki risasi yake inakaa juu kidogo, anayepiga magharibi kama ninyi inakaa chini. Kwa mita 600 ni sentimita 4, kwa mita 900 ni 10 hivi. Kile cha kulia anachokiona kwenye umbali mrefu hata siku ya utulivu ni kuzunguka kwa risasi yenyewe, ambako kwa mita 900 kunaipeleka kulia karibu sentimita 20, hapa au London. Ukimpeleka Kayabwe, penye alama ya mstari wa Ikweta, ataonyeshwa maji yakizunguka huku upande mmoja wa mstari na kule upande mwingine. Maji yale yanafuata mkono wa anayeyamimina.